Taa Nne za Kijani

Sajini Thadeus aliufuata ule waya kwa mkono, kutoka ukuta wa ofisi mpaka ukuta wa stoo ya baridi. Shati lilikuwa limemganda mgongoni. Jua la Voi lilikuwa linapiga mabati mpaka yanalia, na kila alipofika penye kiungo cha bomba la plastiki alisimama, akafungua skrubu, akachungulia ndani, akapapasa. Nyaya zilikuwa mbili, moja ya buluu na moja ya kijivu, zimelala ubavu kwa ubavu. Hazikuwa zimekatwa. Hazikuwa zimekwaruzwa. Hata panya hakuwa amezionja.

"Haya!" alisema alipofika mwisho. "Tuna mtu seli kwa kosa la kukata waya. Na waya wenyewe huu hapa, mzima kama ulivyotoka dukani."

Tangu mkewe Tryphena afariki hapakuwa na mtu wa kumwambia apunguze sauti, kwa hiyo maneno hayo yalifika hadi getini.

Getini, kwenye kiti cha plastiki cha mlinzi, alikuwa ameketi Ndila. Mumewe Musyimi ndiye mlinzi wa mchana wa bohari hii ya Ushirika wa Maziwa wa Neema ya Milimani, na tangu jana alikuwa ndani. Ndila alifika asubuhi na bakuli la muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, lililofungwa kwa leso, akakalia kiti cha mumewe, na mpaka saa hiyo hakuna aliyethubutu kumwambia ainuke. Sajini alipoingia alimpita bila salamu, maana ni yeye aliyemtia Musyimi pingu. Ndila naye alimtazama tu.

Sasa alifungua mdomo.

"Umemaliza kuupapasa?"

"Nimemaliza."

"Umekatwa wapi?"

Sajini alivua kofia. Alifuta jasho.

"Mume wangu hata simu ya kubonyeza inamshinda," Ndila akasema. "Akitaka kunitumia ujumbe anamtafuta mtoto wa jirani. Leo mmemfanya fundi wa mitambo. Si basi mngempa na mshahara wa fundi?"

Sajini aliona heri aingie stoo.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi, na ufupi wake ndio uliokuwa ukimkera tangu jana. Mtungi wa mbegu za fahali ulikuwa umetoweka. Ni mtungi wa alumini, mzito, unabebwa na watu wawili, na ndani yake mbegu hukaa kwenye naitrojeni ya baridi kali. Mbegu hizo ndizo wafugaji wa Werugha na Mwanda hutegemea kupandishia ng'ombe wao kwa sindano. Naitrojeni ikikauka, mbegu zimekufa, na ng'ombe wa watu wamekaa bure. Jana Jumatano daktari wa mifugo alikuja kuuchukua akakuta alama ya duara sakafuni, mtungi hakuna.

Meneja wa bohari, Bwana Phineas, alikimbia kituoni na maelezo yake tayari. Alisema mtungi ulikuwepo Jumatatu asubuhi. Alisema kamera za stoo zilikuwa zikifanya kazi vizuri mpaka Jumatatu mchana, zamu ya Musyimi, kisha kioo cha kuzitazamia ofisini kikawa cheusi. Na chini ya benchi la kibanda cha mlinzi kumepatikana msumeno wa chuma.

Inspekta Mutunga, mkuu wake Sajini, alitosheka hapo hapo. "Mlinzi, msumeno, waya," alisema akihesabu kwa vidole. "Wataka nini tena, Thadeus? Baada ya chakula cha mchana huyo mtu yuko mbele ya hakimu."

Kutoka kituoni mpaka bohari ni mwendo wa kumaliza soda moja. Hakuna mkubwa hata mmoja aliyeutembea mwendo huo kwenda kuangalia kama waya umekatwa. Wangetembeaje? Viti vyao vingepoa.

Ndani ya stoo kulikuwa na sanduku la chuma ukutani. Sajini alilifungua. Mlikuwa na swichi, kile kijisanduku cha matundu ambacho nyaya zote za jengo huingilia, na nyaya mbili zile, ya buluu na ya kijivu, zilichomekwa pembeni. Juu ya kila tundu kulikuwa na kitaa. Vitaa vyote viwili vilikuwa vya kijani.

Alivuka uwanja kurudi ofisini. Huko nako kulikuwa na sanduku, swichi, nyaya zile zile mbili, na taa mbili za kijani.

"Taa nne," alimwambia karani, binti mmoja wa kutoka Mwanda aitwaye Everlyne. "Zote zinawaka. Kwa nini kioo chako ni cheusi?"

"Hata mimi sielewi, afande. Cha humu ofisini kinaonyesha. Cha getini kinaonyesha. Vya stoo ndivyo vimekufa."

"Vilikufa Jumatatu."

Everlyne aliutazama mlango, kisha akamtazama yeye. "Nani amesema Jumatatu?"

"Meneja wako. Ameandika na akatia sahihi."

"Mimi sitaki mambo, afande."

"Mambo tayari unayo. Kuna mama pale getini anaweza kukuhesabia. Vilikufa lini?"

Binti alishusha sauti. "Ijumaa. Siku mafundi walipoweka huo waya wa pili. Kabla ya hapo kulikuwa na mmoja tu, na kila kitu kilikuwa sawa. Wakaja, wakachomoa, wakachomeka, wakaharakisha kwenda kuswali Ijumaa, hawakurudi. Tangu hapo mimi naona giza."

"Una hakika si Jumatatu?"

"Mzani wa maziwa uko kule stoo. Kilo zilikuwa zinakuja zenyewe hapa kwa kompyuta. Tangu Ijumaa haziji. Napigiwa simu, 'Everlyne, andika mia tatu,' naandika kwa mkono kama zamani za nyanya yangu. Uliza yeyote pale mzanini."

Sajini alikaa kwenye kona ya meza. Kamera tu ndizo zilizokuwa zikitajwa kila mahali, kituoni na hapa, maana kamera ndizo wakubwa walizozijua. Mzani hakuna aliyeutaja. Kumbe si kamera zilizokufa. Ni njia nzima kati ya majengo mawili, na ilikufa Ijumaa, ambapo Musyimi, kwa maneno ya meneja mwenyewe, alikuwa bado mlinzi mwema.

"Ulimwambia meneja?"

"Ijumaa hiyo hiyo. Akasema, 'Waache, watakuja.' Jumamosi nikamkumbusha. Akaniambia nisimsumbue na vioo."

"Na msumeno?"

"Upi? Ule wa Musyimi? Anakatia mifupa ya mbwa wa hapa. Kila mtu anajua."

"Kila mtu isipokuwa sisi," Sajini akasema.

*

Bwana Phineas alimpokea ofisini kwake akiwa na feni, maji ya chupa na kiti kinachozunguka. Hakusimama.

"Sajini. Nilidhani mmemaliza."

"Nilidhani pia. Kamera zilikufa siku gani?"

"Si nimeandikisha? Jumatatu."

"Mzani je?"

"Mzani gani?"

"Wa maziwa. Wa ushirika wako."

Meneja alizungusha kiti kidogo. "Hayo ni ya karani. Mimi naangalia mambo makubwa."

"Waya wa pili ulikuwa wa nini, mkubwa?"

Hapo Phineas alichangamka, maana lilikuwa jambo la kujisifia. Alieleza kwamba nyaya mbili zikifungwa pamoja hufanya kazi kama njia moja pana. Kwamba moja ikikatika nyingine huendelea. Kwamba ndio mtindo wa kisasa. Halmashauri yote ilipitisha.

"Nani alifanya kazi?"

"Mafundi wawili. Upande wa ofisi alipewa Mzee Zubair, mwenyekiti ndiye aliyempendekeza. Upande wa stoo alipewa Idris. Huyo nilimpendekeza mimi."

Sajini alidhani hakusikia vizuri. "Waya ni ule ule mmoja?"

"Nyaya mbili."

"Zinaanzia huku zinaishia kule. Na mmempa mtu mmoja kichwa na mwingine mkia?"

"Zabuni iligawanywa kwa haki, Sajini. Ili kila upande utosheke."

"Upande wa nani?"

Meneja alikunywa maji. Sajini Thadeus alimngoja amalize, alipoona hana nia ya kumaliza akainuka. Katika miaka yake ya kazi alikuwa ameona daraja lililojengwa na wawili likakosa kukutana katikati, na zahanati yenye mlango na isiyo na dirisha. Kila mara palikuwa na mkubwa aliyegawa kwa haki, na kila mara aliyefungwa alikuwa mlinzi.

"Waite mafundi wako," alisema. "Wote wawili. Sasa hivi."

"Mahakama ni baada ya chakula, Sajini. Inspekta Mutunga ameniambia—"

"Na mimi nakwambia waite."

*

Walifika mmoja mmoja, kila mmoja na pikipiki yake, na Sajini aliwatenga kabla hawajakaribiana. Mzee Zubair alimweka kwenye chumba cha mikutano. Idris alimwacha nje chini ya kivuli cha tangi la maji, Everlyne akimwangalia.

Mzee Zubair alikuwa mtu aliyepita umri wa makamo, kanzu nyeupe, kofia ya viua, miwani iliyofungwa uzi. Watu wake ni wa asili ya pwani, ila yeye kazaliwa Voi, na duka lake la mitambo liko karibu na soko miaka nenda miaka rudi.

"Mzee, nieleze kama unavyomweleza mtoto. Taa zinawaka. Waya haujakatwa. Kwa nini hakipiti kitu?"

"Taa, bwana afande, yakwambia waya umefika. Haikwambii kama wanazungumza."

"Nani wanazungumza?"

"Swichi na swichi. Ukitaka nyaya mbili ziwe njia moja, lazima swichi za pande zote mbili zikubaliane kwanza. Sasa wewe fundi wachagua, kila upande, yakubalianaje. Kuna hali tatu. Ya kwanza, swichi yaanza yenyewe: yaita mwenzake, 'upo? tufunge?' Ya pili, yanyamaza, yangoja iitwe ndipo iitike. Ya tatu haina mazungumzo, wailazimisha tu: nyaya hizi ni moja, basi."

"Kwa nini usingelazimisha ukaenda zako?"

Mzee alitikisa kichwa kama aliyeambiwa ale nguruwe. "Nikilazimisha mimi na wa upande wa pili asilazimishe, mambo yaweza kuzungukazunguka humo humo mpaka mtandao wote uzame. Hiyo ni hali ya mtu aliyeshika ncha zote mbili mwenyewe. Mimi nilipewa ncha moja."

"Kwa hiyo ulichagua ipi?"

"Ya kungoja."

"Kwa sababu?"

"Kwa sababu upande wa pili ni Idris. Idris ni mkwe wangu, amemuoa binti yangu Rayhana. Sasa, bwana afande, mkwe akimkuta baba mkwe, nani huanza kusalimu? Ni yeye. Yeye ni kijana. Mimi kazi yangu ni kuitika. Nikajua, mtoto huyu nimemjua, ana adabu zake, ataweka hali ya kuanza."

"Ulimuuliza?"

Mzee Zubair alivua miwani. "Nimuulize mkwe wangu kama ana adabu?"

Sajini alitoka nje. Alifika kwenye tangi la maji. Idris alikuwa kijana mnene mwenye fulana ya kampuni yake na bisibisi mfukoni.

"Idris. Swichi ya stoo uliiweka hali gani?"

"Passive, afande. Ya kungoja."

"Usiniambie."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Si upande wa pili ni baba mkwe? Afande, mimi kwake nikikaribishwa chakula siwezi kutia mkono kwenye sinia kabla yake. Hata niwe na njaa ya siku mbili. Mzee ndiye hutangulia. Sasa nitaiwekaje swichi yangu iwe ndiyo inaita ya mzee, 'wee, amka'? Nikasema yeye ataanza, mimi nitafuata."

"Na hukumpigia simu kumuuliza?"

"Nimpigie mkwe nimwambie aweke hivi na aache vile?" Idris aliangalia chini. "Rayhana mwenyewe angenifukuza."

"Ijumaa mlikuwa msikiti mmoja!"

"Safu moja, hata. Lakini msikitini hatukuongea kazi. Na baada ya swala nikamwona anaenda, nikajua ameridhika. Yeye naye akaniona naenda."

Sajini Thadeus alishika kichwa kwa mikono miwili. Kule getini Ndila alikuwa ameinua shingo.

"Yaani," alisema polepole, "mmoja anangoja kusalimiwa. Mwingine anangoja mkubwa aanze kula. Mmekaa hivyo tangu Ijumaa, taa nne zikiwaka, kila mmoja akimheshimu mwenzake, na mtu amelala kwenye saruji."

"Mtu gani?" Idris akauliza.

"Hamjaambiwa?"

"Tumeambiwa waya umekatwa, tungoje polisi."

"Nani aliwaambia?"

"Meneja. Jumatatu jioni nilimpigia nijue kama kazi iko sawa nije kuchukua vyombo vyangu. Akasema nisikanyage hapa, kuna uchunguzi."

Sajini aliachia kichwa chake. "Jumatatu jioni?"

"Ndiyo."

"Uchunguzi wa nini? Mtungi umekosekana Jumatano."

Sajini hakungoja jibu. Alimshika mkono akamwingiza chumba cha mikutano. Mzee Zubair alikuwa pale pale. Idris aliinama akaubusu mkono wa mkwewe, "Shikamoo, mzee," na mzee akaitika, "Marahaba, mwanangu," na Sajini akaona ajabu jinsi jambo hilo lilivyochukua muda wa kupepesa jicho, na kwa mitambo limewashinda tangu Ijumaa.

"Mmoja wenu abadilishe," alisema. "Mimi sijali nani."

Walitazamana. Kila mmoja alikunja vidole.

"Ningependa mzee atangulie," Idris akasema.

"Hapana, mwanangu, ni haki yako kuanza."

"Jamani!"

Mzee Zubair alikohoa. "Bwana afande, si lazima mmoja wetu ashuke. Wakiwekwa wote wawili kuanza, hukubaliana vile vile. Linaloshindikana ni moja tu, wote wawili kungoja."

"Basi wekeni wote muanze!"

Mlango ulifunguka. Phineas alikuwa amesimama, kifungo cha shati kimefunguliwa. "Nimesikia makelele. Sajini, hawa wasiguse kitu. Huo ni ushahidi. Nimeshawaita wataalamu kutoka Nairobi, watafika wiki ijayo."

"Jana ulisema ushahidi ni msumeno."

"Tusiharibu mambo. Hata wakirekebisha, picha za Jumatatu hazipo. Kioo kilikuwa cheusi. Kilichopita kimepita."

Sajini alikuwa anageuka kumjibu, lakini Idris alitangulia, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayemsahihisha mteja.

"Zipo, bosi."

"Zipo wapi?"

"Ndani ya kamera. Kamera za stoo nilizofunga zina kadi ndani yake, ndogo kama kucha. Zikikosa njia ya kufika ofisini zinaandika kwenye kadi. Njia ikipatikana, mashine ya ofisi inazivuta yenyewe zile ilizozikosa."

Phineas alitafuta ukuta kwa mkono, akaupata. "Kadi... hizo kadi zilikuwa kwenye mkataba?"

"Hapana. Kamera zilikuja nazo. Sikuona haja ya kuzitoa."

Sajini alimvutia meneja kiti.

"Keti, mkubwa," Sajini akasema. "Tutazame wote."

Idris alikwenda stoo na kompyuta yake mapajani. Mzee Zubair alifungua yake kwenye meza ya Everlyne, akaiita swichi ya ofisi kwenye skrini, akaandika. Walipigiana simu, mara ya kwanza tangu zabuni igawanywe, na hata hapo walianza kwa kuulizana habari za Rayhana na watoto mpaka Sajini akagonga meza.

"Bismillahi," Mzee Zubair alisema, akabonyeza.

Taa hazikubadilika. Zilikuwa za kijani, zikabaki za kijani. Lakini kwenye kompyuta ya Everlyne kilo za maziwa zilianza kumwagika moja baada ya nyingine, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, zikikimbia kama ng'ombe waliofunguliwa zizi, na binti akapiga kelele kidogo akajiziba mdomo. Kisha vioo vya stoo vikafunguka. Kimoja, cha pili, cha tatu.

"Nirudishe Jumatatu," Sajini akasema.

Everlyne alirudisha. Stoo ilikuwa tupu, mwanga wa mchana mlangoni, mtungi mahali pake. Kisha pikapu nyeupe ikaja kinyumenyume mpaka mlangoni. Dereva alishuka upande mmoja. Upande wa pili alishuka Bwana Phineas, mikono ya shati imekunjwa, akashika sikio moja la mtungi, dereva akashika la pili, wakauinua, wakaupakia. Phineas aliufunika kwa turubai mwenyewe, akalibana vizuri kwenye kona. Kamera ya getini, ambayo haikuwahi kufa kwa kuwa haikupita njia ya stoo, ilionyesha saa hiyo hiyo Musyimi akifungua geti, akisimama wima, akipiga saluti.

Picha hiyo ya getini ilikuwa ndani ya mashine siku zote. Hakuna aliyeiomba. Pikapu ya meneja inatoka na meneja wake, nani angeiuliza?

"Nilikuwa nimeuazima," Phineas akasema. Sauti yake ilikuwa imekonda. "Ng'ombe wangu kule Mwanda, watatu, joto liliwashika pamoja. Nilitaka kuurudisha Jumanne. Kisha naitrojeni ikapungua... nikaona mbegu zimeharibika. Ningewaambia nini wafugaji?"

"Ungewaambia hivyo hivyo."

"Mimi ni meneja, Sajini."

"Na Musyimi ni nani?"

Phineas alikifunga kile kifungo cha shati. Everlyne alikuwa ameinamisha kichwa juu ya kilo zake, mabega yakitetemeka. Huenda alikuwa analia, huenda anacheka.

Sajini alipiga simu kituoni. Inspekta Mutunga alipokea akiwa anatafuna.

"Gari la mahakama limeondoka?"

"Ndio linawashwa. Faili yako iko wapi?"

"Nakuja nayo. Imebadilika jina. Mshushe Musyimi."

"Thadeus, usinianzie mambo. Meneja ni mtu wa heshima, mwenyekiti amenipigia mwenyewe—"

"Mwambie mwenyekiti aje naye atazame. Kuna viti. Na kama Musyimi atafikishwa mbele ya hakimu leo, mimi nitakuwa nimesimama hapo nikiwa na hizi picha, na nitazieleza kwa sauti yangu hii unayoijua."

Kule upande wa pili kutafuna kulikoma. Baadaye kukasikika Inspekta akimwambia mtu azime injini.

Sajini alimwambia Mzee Zubair na Idris wakae na mashine, mtu yeyote asiiguse mpaka arudi. Walikubali, kisha wakaanza kubishana kwa upole nani akae kwenye kiti na nani kwenye benchi. Aliwaacha. Alimtoa Phineas nje, hakumfunga pingu, ila alimshika juu ya kiwiko kwa namna ambayo haikuwa na haja ya pingu.

Getini Ndila alikuwa amesimama. Alimwona meneja, akaona mkono ulipomshika, akaelewa bila kuambiwa. Hakusogea njiani. Bakuli la muthokoi alilipakata kifuani, na geti lilikuwa limefungwa nyuma yake.

Sajini Thadeus alisimama mbele yake. Tangu asubuhi alikuwa amempita mama huyu mara nne bila kumwambia hata neno la kheri.

"Habari ya leo, mama," alisema.

Ndila alimpima kuanzia viatu mpaka kofia. Aliiacha salamu ining'inie hapo juani, kwa muda mrefu kuliko inavyoruhusiwa. Kisha akageuka, akavuta komeo, akalisukuma geti likafunguka wazi.

"Mlete Musyimi kwanza," akasema. "Salamu baadaye."